Ripoti isomwe kwa sauti

Shikamooni wazee, na nyie vijana mambo vipi. Hapo mlangoni mzee mmoja kaniuliza, "Mwalimu, leo tena Iceland?" Ndiyo mzee, leo tena, na mkiniita Moshi mwakani nitakuja na hiyohiyo.

Oktoba 2008 mabenki matatu makubwa ya Iceland, Kaupthing, Landsbanki na Glitnir, yalidondoka ndani ya wiki moja. Desemba tu Bunge likatunga sheria, likaunda tume ya watu 3 kuchunguza anguko hilo na siri ya benki haikuwazuia kuona kitu. Aprili 2010 ripoti ikatoka, juzuu 9, kurasa zaidi ya 2000. Sasa hapa ndo utamu wangu ulipo, waigizaji wa ukumbi mmoja pale Reykjavik wakapanda jukwaani wakaanza kuisoma kwa sauti, wanapokezana, mchana na usiku, siku kadhaa hawalali mpaka ikaisha! Raia anatoka kazini anaingia anakaa, anasikia kwamba wenye benki ndo haohao waliokuwa wakopaji wakubwa wa benki zao.

Kuna mtu anajiuliza moyoni nani atakaa kusikiliza mahesabu siku zote hizo. Jamani, si sisi tunaokaa vikao vya harusi kuanzia Januari mpaka Juni? Mtunza hazina anasoma jina kwa jina, huyu kaahidi laki mbili katoa elfu hamsini, kreti za soda ngapi, ndafu shilingi ngapi, na hakuna anayesinzia, ukikosea elfu tano tu mama mmoja kule nyuma kanyoosha mkono. Kusikiliza hesabu tunaweza sana. Ila hela ikishakuwa ya umma tunaambiwa ni mambo ya kitaalamu. Mimi mwenyewe saccos yangu, jina silitaji, niliomba ripoti ya mkaguzi nikajibiwa ipo ofisini njoo usome, kila nikienda mwenye funguo yuko Dar. Miaka miwili yuko Dar!

Halafu wale wa "ukisema wazi watu watakimbilia kutoa hela zao". Foleni ya benki inaletwa na fununu ndugu yangu, na fununu inanenepa pale ripoti inapofungiwa kabatini.

Na kwetu Tanzania je, EPA, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, mmesahau? Shilingi bilioni 133 zilitoka humo zikaenda kwa makampuni 22, Januari 2008 tukasomewa taarifa, Gavana akaondolewa, baadaye tukaambiwa waliochukua wanarudisha. Sawa, nani karudisha ngapi? Kwenye kikao cha harusi hilo swali lingeulizwa kabla chai haijaja.

Nilikuwa na la Ireland pia, na la waziri mkuu wa Iceland kufikishwa mahakamani, lakini naona MC anaonyesha saa tangu muda ule. Haya, maswali. Mama wa kitenge cha kijani nyuma, nilijua tu utanyoosha mkono.