Nyumba ni yangu, ila kuona daftari la chama mpaka barua ya rejista

Habari za mchana jamani, na wakubwa wote shikamooni. Leo sipo Texas. Niko Ujiji, uani kwa mama, na hizo kelele mnazozisikia ni watoto wa jirani wametoka madrasa. Nimekuja likizo wiki tatu, nikadhani lile swali lenu la kila siku, kuhusu nyumba yangu ya Marekani, nimeliacha kwenye simu. Wapi! Siku ya pili tu, baba mmoja wa hapa mtaani, mtu aliyeniona nikizaliwa, kaja kunipa pole ya safari, kanywa chai, halafu akaniuliza: "Mwanangu, ile nyumba ya Marekani umenunua au umepanga? Mbona nasikia unalipa ada kila mwezi, na majani yakirefuka unapigwa faini?"

Basi nijibu mara moja, niwajibu wote. Najua wapo watakaosema naringa na nyumba. Nyumba ina mkopo wa miaka 30, sijamaliza hata robo. Wapo pia watakaosema kama kunakera si urudi. Nao nimewasikia. Mimi nasimulia yaliyonipata, basi.

Nimenunua. Ila mtaa wetu, nje kidogo ya Fort Worth, una chama cha wenye nyumba, wenyewe wanakiita HOA. Ukinunua nyumba pale umeshakuwa mwanachama, na hakuna kujitoa mpaka uiuze. Chama kinatunza geti, taa, bwawa la kuogelea na bustani za pamoja. Kuna kamati tunayoichagua wenyewe, na kamati imeipa kampuni kazi ya kuendesha mambo. Ada yangu ilikuwa dola 85 kwa mwezi. Januari ya mwaka juzi ikaja barua kwamba sasa ni 118. Sababu ilikuwa mstari mmoja: gharama zimepanda.

Gharama zipi? Nikaandika barua pepe kwa upole kabisa, naomba kuona mapato na matumizi. Kimya. Nikaandika tena. Nikajibiwa na binti mmoja wa ile kampuni kwamba hesabu ni mambo ya ndani ya chama. Ya ndani! Na mimi je, niko nje? Nilikaa na hilo neno siku kadhaa, silali vizuri. Huku kwetu Tanzania mwenyekiti wa kijiji anatakiwa kuwasomea wanakijiji mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu, na asipowasomea watu wanapiga kelele mpaka diwani asikie. Mimi nalipa kwa jasho la zamu za usiku, halafu naambiwa mambo ya ndani.

Jirani yangu, mama mtu mzima mstaafu, ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia sheria ya Texas iko wazi, sheria ya mali, kifungu cha 209.005: daftari za chama, pamoja na za fedha, mwenye nyumba ana haki ya kuzikagua na kupata nakala. Kosa langu lilikuwa njia niliyopitia. Barua pepe haihesabiki. Inatakiwa barua ya rejista, ile posta ya kule inaiita certified mail, iende kwenye anwani iliyoandikwa kwenye cheti cha usimamizi cha chama, yaani karatasi ya kusajili nani anakiendesha, na ndani ya barua useme unataka daftari zipi, na kama unataka kuzikagua kwanza au kupewa nakala moja kwa moja. Cheti hicho siku hizi kinapatikana bure mtandaoni, kwenye tovuti ya jimbo, kwa sababu ya sheria iliyopitishwa 2021. Mimi sikujua. Wiki kumi zilipotea hivi hivi.

Nikaandika upya. Nikaomba taarifa za benki, mikataba na mihtasari ya vikao. Fedha na mihtasari wanatakiwa kuvitunza miaka saba, kwa hiyo "tumeshatupa" si jibu. Posta nililipa kama dola 9, nikabaki na kadi ya kuonyesha wamepokea. Kuanzia hapo wana siku 10 za kazi. Wakishindwa ndani ya hizo, lazima wakuandikie kwamba wameshindwa na wakutajie tarehe, isiyozidi siku 15 za kazi baada ya hapo. Siku ya tisa simu ikalia. Binti yule yule, sauti nyingine kabisa: karatasi ziko tayari.

Nakala wanaruhusiwa kutoza, lakini kwa bei ya serikali, senti 10 kwa ukurasa wa kawaida, tena kama tu chama kilishasajili utaratibu wake wa kutoza. Na si kila kitu unaonyeshwa. Nilitaka kujua nani halipi ada, nikakataliwa, na sheria iko upande wao: malipo ya mtu mmoja mmoja na faini zake ni siri yake. Hilo nimelikubali, hata mimi nisingependa.

Niliona nini? Wizi sikuuona, na sitasema niliuona. Niliona mkataba wa kukata majani unalipwa pesa ile ile miezi 12, pamoja na ile ya baridi ambayo majani yamekauka hayaoti. Na ulihuishwa bila kikao hata kimoja kuutaja kwenye muhtasari. Kwenye mkutano wa mwaka nikasimama na karatasi mkononi. Magoti yalitetemeka, lakini nikasoma. Kamati ikakubali kutafuta bei nyingine. Ada haijashuka hata senti. Haijapanda pia.

Sasa msije mkanukuu kwamba dada kasema mgome kulipa. Hapana! Ukiacha kulipa, chama kinaweza kwenda mahakamani na nyumba ikauzwa kwa deni la ada. Lipa huku unauliza. Kushtaki kwa kunyimwa daftari pia kupo, kwenye mahakama ndogo ya eneo lako, ila ukishindwa gharama zao zinakuangukia wewe. Na haya ni ya Texas. Wa California na Florida wana sheria zao, na nyumba za ghorofa za pamoja zina sheria nyingine hata hapo hapo Texas. Kila mtu na karatasi zake, mimi si mwanasheria.

Kilichonikaa moyoni ni kingine, na niseme tu. Nina kiwanja Mwandiga, nimetuma pesa za kujenga miaka minne. Ndugu yangu mmoja ndiye msimamizi. Nilipomwomba risiti za bati, akaniambia nimekuwa Mzungu, simwamini damu yangu. Nikaomba msamaha, mimi! Wageni wa Fort Worth walinipa kurasa 64 ndani ya siku tisa. Bati sijui hata ni ngapi.

Mama anaponisikia nasema hivi hapendi, anasema maneno ya ndani hayatolewi uani. Lakini kesho asubuhi fundi ananipitia na bodaboda, tunakwenda Mwandiga kuzihesabu.