Maswali ya Mdomoni: Ufupisho au Kosa?

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Juma, leo tuanze na swali linalosahihishwa bure kila siku: "Waenda wapi?" Ni kosa?

JUMA: Si kosa hata kidogo, dada. Ni njeo (umbo la wakati la kitenzi) ya -a-: u- ya wewe ikikutana na -a- tunapata wa-. Utata wake uko kwingine. Kiambishi cha wao, wa-, kikikutana na -a- hiyo hiyo, nacho kinatoa wa-. Kwa hiyo "Waenda wapi?" yaweza kumhusu wewe au wale. Mkiwa ana kwa ana hakuna anayepotea, ila kwenye ujumbe wa simu afadhali "Unaenda" au "Wanaenda".

REHEMA: Na "Wendapi?"

JUMA: Hapo "wapi" imekatwa, -pi ikashikana na kitenzi. Utaisikia kwa Wamvita, wenyeji wa Mombasa, katika lahaja yao. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini kuchagua lahaja moja si kuziharamisha nyingine.

REHEMA: Nakuunga mkono. Ila kuna yanayovunja sarufi kweli. "Watu ngapi wamekuja?" "Viti ngapi vimebaki?" Haya siwezi kuyafumbia macho.

JUMA: Wala mimi. -ngapi lazima ipatane na nomino: watu wangapi, miti mingapi, viti vingapi, magari mangapi.

REHEMA: Na kosa lina chanzo. Katika ngeli ya I-ZI, -ngapi haichukui kiambishi: siku ngapi, saa ngapi, mara ngapi. Hayo ndiyo maswali tunayoulizana kutwa kucha, basi ulimi unazoea umbo hilo tupu na kulipachika kila mahali. Ukisita, weka "tatu" kwanza. Viti vitatu, kwa hiyo viti vingapi. Siku tatu, kwa hiyo siku ngapi. Haikuangushi.

JUMA: "Gani" yenyewe haibadiliki kamwe. Inauliza aina, na -pi inataka uchague. "Kitabu gani?" Cha hesabu. "Kitabu kipi?" Kile chekundu.

REHEMA: Mdomoni "gani" inabeba yote mawili, na mimi sioni ubaya. Kwenye mtihani, zitenganishe.

JUMA: Kuna na "Nani kachukua kalamu?" Wengine hudhani hiyo ni -ka- ya masimulizi. Siyo. Ni ka- ya mazungumzo inayokaa mahali pa ame-, na ni ya mtu mmoja tu, yeye. Wakiwa wengi, rudi kwenye "wamechukua".

REHEMA: Kinachoniuma zaidi ni "Unafanya je?" iliyoachanishwa. -je ya namna hushikana na kitenzi: "Unafanyaje?" Je ya mwanzo husimama peke yake, ikifuatwa na mkato: "Je, unafanya?" Hapo jibu ni ndiyo au hapana. Ukiiachanisha ile ya mwisho, msomaji hajui akueleze namna au akuitikie tu.

JUMA: Na zote mbili zaweza kukaa katika swali moja. "Je, umeamkaje?" haina kasoro.