Kalsiamu na Fosfeti Ndani ya Mfuko Mmoja: Usalama wa Lishe ya Mshipani kwa Watoto Njiti

Ndugu wafamasia na wauguzi wa wodi za watoto wachanga, leo naomba tukae zaidi kwenye kalsiamu na fosfeti. Mengine nitayagusa tu.

Mtoto njiti aliyeanza kukua anahitaji kwa siku milimoli (kipimo cha wingi wa kemikali) 1.6 hadi 3.5 za kalsiamu kwa kila kilo ya uzito wake, na fosfeti vivyo hivyo. Maji anayoruhusiwa ni machache, kwa hiyo madini haya tunayabana pamoja kwenye ujazo mdogo, ndani ya mfuko wa lishe inayoingia kwa dripu mshipani. Yakishikana, hutokea chembe za kalsiamu fosfeti. Aprili 1994 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili kufariki na wengine kupata shida ya kupumua. Uchunguzi wa maiti ulikuta chembe hizo zimeziba mishipa midogo ya mapafu.

Mfuko kuonekana safi si ushahidi. Jicho haliwezi kuona chembe iliyo chini ya maikroni 50 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati kapilari ya pafu, yaani mshipa wake mwembamba kabisa, ina upana wa maikroni 5 hadi 10. Mfuko uliochanganywa na mafuta unatisha zaidi, maana weupe wake unaficha kila kitu. Kwa njiti napendelea mafuta yapite kwenye mpira wa dripu ulio wake peke yake, si ndani ya mfuko huu.

Wengi hudhani joto huyeyusha. Hapa ni kinyume: joto likipanda, kalsiamu huachana na glukoneti, ile sehemu ya dawa inayoishikilia, fosfeti nayo hugeukia ile aina inayonata na kalsiamu. Mchanganyiko uliotoka salama kwenye friji unaweza kuharibika ndani ya mpira uliopita kwenye inkubeta yenye nyuzi 35. Jedwali la viwango vya kalsiamu na fosfeti vinavyoweza kukaa pamoja, lililopimwa kwa nyuzi 25 msilitegemee kwenye wodi ya Dar es Salaam mwezi Februari. pH, yaani kipimo cha uasidi, ikipanda (uasidi ukipungua), madhara ni yaleyale; asidi amino, vijenzi vya protini, huizuia isipande, ndiyo maana mfuko wenye asidi amino kidogo huharibika upesi.

Sasa mpangilio wa kuchanganya. Tangulizeni asidi amino, glukosi na maji yote. Ifuate fosfeti, mtikise vizuri, kisha sodiamu, potasiamu na magnesiamu. Kalsiamu iwe ya mwisho, polepole, huku mfuko ukizungushwa. Tumieni kalsiamu glukoneti, si kloraidi, ambayo huachia kalsiamu yake yote mara moja. Mkipata sodiamu gliserofosfeti, itumieni badala ya fosfeti ya kawaida. Fosfeti yake imefungwa na haishikani na kalsiamu kirahisi.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la hesabu. Chukueni mtoto wa kilo 1, mfuko wa mililita 120, kalsiamu milimoli 2.4, yaani karibu mililita 10.7 za glukoneti ya asilimia 10. Kwenye karatasi mnapata milimoli 20 kwa lita, na jedwali linakubali. Lakini kama mililita 40 za maji bado hazijaingia, kalsiamu imekutana na fosfeti kwenye mililita 80, na kiwango halisi ni 30. Maji yakiongezwa baadaye hayarudishi chembe zilizokwisha kuumbika. Pigeni hesabu kwa ujazo uliopo kalsiamu inapoingia.

Vitamini na mafuta vikipigwa na mwanga hutengeneza peroksaidi, kemikali zinazodhuru seli. Tangu 2019 shirika la dawa la Ulaya, EMA, linataka mfuko na mpira vifunikwe kwa watoto walio chini ya miaka 2 hadi dripu iishe. Kufunika mfuko peke yake na kuacha mpira wazi hakutoshi.

Vichujio: maikroni 0.22 kwa mchanganyiko usio na mafuta, 1.2 kwa wenye mafuta. Kichujio kikiziba na pampu ikalia, msikiondoe ili dripu iendelee, wala msisukume kwa bomba la sindano. Simamisheni, badilisheni mfuko, mpira na kichujio vyote, mpeni mtoto glukosi wakati mnasubiri, na mfuko ule urudi famasia pamoja na karatasi yake ya kuchanganyia ili ukaguliwe.