Ngao Iliyo Juu ya Mlango wa Domrémy

Waheshimiwa wageni, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Naomba tuanzie mlangoni. Mashariki mwa Ufaransa, kando ya Mto Meuse, kuna kijiji kidogo kiitwacho Domrémy-la-Pucelle, na ndani yake imo nyumba ya mawe ambamo Jeanne d'Arc, msichana aliyepigana upande wa mfalme wa Ufaransa dhidi ya Waingereza, alizaliwa yapata mwaka 1412. Juu ya mlango zimechongwa ngao tatu, yaani nembo za koo zenye umbo la ngao. Moja ni ya mfalme wa Ufaransa. Nyingine ina vyuma vya plau, na jiwe hilo limeandikwa mwaka 1481 pamoja na maneno "Vive labeur": idumu kazi ya shamba. Ya tatu, ya ukoo wa Jeanne, ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Itazameni kwa rangi zake. Uwanja ni wa buluu. Katikati umesimama upanga wa fedha wenye mpini wa dhahabu, ncha juu, nayo ncha imepenya ndani ya taji. Kushoto na kulia, ua la yungiyungi la dhahabu.

Sasa, buluu na yungiyungi havikuwa vitu vya mkulima kujichorea. Tangu mwishoni mwa karne ya 14, ngao ya wafalme wa Ufaransa ilikuwa na mayungiyungi matatu juu ya buluu. Hapa hesabuni: ni mawili. Mimi naisoma hivi: pale ambapo lingekaa la tatu pamewekwa upanga, na upanga ndio unaolibeba taji. Tarehe 17 Julai 1429 mfalme Charles VII alitawazwa mjini Reims, na njia ya kwenda huko ilifunguka baada ya mzingiro wa Orléans kuvunjika mwezi Mei, Jeanne akiwa vitani. Desemba mwaka huohuo mfalme akaiingiza familia ya Jeanne katika tabaka la waungwana kwa hati, nao wakaja kuitwa du Lys, watu wa yungiyungi.

Lakini msikilizeni Jeanne mwenyewe. Tarehe 10 Machi 1431, mjini Rouen, akiwa mfungwa wa miaka kama 19, waliomhukumu walimuuliza kama alikuwa na ngao. Akajibu kwamba hajapata kuwa nayo. Mfalme, alisema, aliwapa kaka zake ngao ya buluu yenye mayungiyungi mawili ya dhahabu na upanga katikati. Aliwapa ili kuwafurahisha, bila yeye kuomba. Swali lile lilikuwa mtego, wamwonyeshe kuwa ni mtu wa makuu. Ndiyo maana kila nikisikia watu wakisema "ngao ya Jeanne" moyo wangu unakataa. Tumheshimu kwa kauli yake.

Alichoomba kinajulikana. Hati ya mfalme ya 31 Julai 1429 inasema wazi kuwa ni kwa ombi lake: watu wa Domrémy na wa Greux, kijiji jirani, wasamehewe kodi. Makarani wakafika kwenye majina ya vijiji hivyo daftarini na, mahali pa kuandika kiasi, wakaandika "Néant, la Pucelle". Hakuna kitu, kwa ajili ya Mwanamwali, ndivyo Jeanne alivyoitwa. Rudisheni macho kwenye vile vyuma vya plau mlangoni, mtaelewa neno hilo lilikuwa na uzito gani kwa mtu anayelima. Na ni jina hilohilo la Mwanamwali ambalo kijiji kilijiongezea mwaka 1578.

Nimalizie na kifungu kimoja cha ile hati ya uungwana, maana kinaniuma. Kiliruhusu uungwana huo upite pia kwa wanawake wa ukoo, jambo la nadra sana Ufaransa ya wakati ule. Mwaka 1614 ruhusa hiyo ikafutwa. Kuanzia hapo, binti wa ukoo wa Jeanne akiolewa na mtu wa kawaida, watoto wake hawakuwa tena waungwana kupitia kwake.