Ngomeni, Anza na Ukuta

Walimu, asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote.

Madarasa mengi yanayozuru Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno hapa Mombasa, hupita langoni moja kwa moja hadi kwenye makabati ya makumbusho. Wanafunzi huona sahani za Kichina, hupiga picha juu ya mzinga, basi, safari imekwisha. Jengo lenyewe hawajaliona. Geuzeni mpango: ukuta kwanza, makabati mwisho.

Fikeni mapema. Uani kivuli ni haba, na kufikia saa sita mawe yanarudisha joto kama tanuri. Mkiweza, chagueni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo hapa Mombasa maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na shina la ngome upande wa bahari huwa wazi. Waulizeni watoto mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Watabishana, na wana haki: ngome imekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliochongwa ukafanywa sehemu ya ukuta.

Mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano, na ujenzi ulianza 1593. Nendeni upande wa nchi kavu, msimame kati ya buruji (pembe ya ukuta iliyochomoza nje) ya San Alberto na ile ya San Felipe. Mpeni mtoto mmoja kazi ya kutafuta pa kujibanza ukutani asionekane na mlinzi yeyote. Atahangaika, kwa sababu aliye kwenye buruji moja analenga sambamba na ukuta hadi uso wa buruji ya pili. Pembe hizo si urembo.

Hata hivyo njaa na maradhi vilipenya pasipopenya mizinga. Waomani waliwazingira Wareno humo ngomeni kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kwa hiyo mkiingia ndani, tangulieni kwenye birika la maji ya mvua, halafu waulizeni watoto: maji haya hapa, chakula je? Kilitegemea bahari. Manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, ilikuja na msaada mwaka 1697, ikazama mbele ya ngome mwaka huohuo. Baadhi ya vitu vilivyomo makabatini viliopolewa humo kati ya 1977 na 1980. Sasa mtoto akivitazama anajua vilikuwa vinamwendea nani.

Kwenye njia ya matao iteremkayo baharini, pitisheni watoto kumikumi. Ni nyembamba, na ndala huteleza.

Jambo moja mlitazame kwa karibu, pua ikikaribia ukuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu, na kiungo chake cha asili ni chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Penye kiraka cha saruji, maji ya chumvi hukwama nyuma yake, yakikauka chumvi huganda ndani ya vitundu na kulipasua jiwe. Ndipo mnakuta kiraka kizima kabisa, na jiwe la pembeni limekuwa unga. Fundi anayefikiri saruji ni dawa ya kila ufa ndiye anayeziua nyumba nyingi za Mji wa Kale. Watoto wasikwangue hapo kwa kucha. Unga ule ni ukuta unaoondoka.

Haya, maswali. Mwalimu uliye pale nyuma, karibu.