Katuni Hupigwa Ubavuni: Mhadhara juu ya Kazi ya Gado na Namna Kibonzo Kinavyozimwa

Mabibi na mabwana, wanafunzi wa uandishi wa habari, wachoraji wenzetu, asanteni kwa kuja.

Januari 2015 serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la The EastAfrican, la kampuni ya Nation ya Nairobi, lisiuzwe nchini. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya usajili: gazeti halikusajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Lakini gazeti hilo lilianza kuchapwa mwaka 1994, na watu wa Dar es Salaam walikuwa wakilinunua mtaani bila mtu kuuliza cheti. Kilichokuwa kipya mwezi ule ni katuni ya Gado, mchoraji wa gazeti hilo. Ilimwonyesha Rais Jakaya Kikwete amejilaza kama mfalme wa Kirumi, akilishwa zabibu na wanawake waliobandikwa majina ya maovu ya utawala, ufisadi ukiwa mmojawapo. Ilikuwa miezi ya sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, na kila mtu aliyeiona alijua inasema nini.

Leo nataka tuelewe kwa nini wino wa Gado ulijibiwa kwa hoja ya usajili. Mkubwa akiishtaki katuni, huitangaza. Jacob Zuma wa Afrika Kusini alijaribu njia hiyo: alimshtaki mchoraji Zapiro akidai fidia ya mamilioni ya randi kwa mchoro wa mwaka 2008 wenye sanamu ya Haki. Kesi ikaburuzwa hadi 2012, akaiondoa mwenyewe. Miaka yote hiyo mchoro ulikuwa ukichapwa upya kila kesi ilipotajwa. Ndiyo maana anayejua kuzima katuni haigusi yenyewe. Anagusa usajili wa gazeti, matangazo ya biashara au mkataba wa mchoraji.

Turudi nyuma kidogo. Godfrey Mwampembwa, ndiye Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alikuwa akisomea usanifu majengo Chuo cha Ardhi alipoacha masomo mwaka 1992 na kwenda Nairobi kuchorea magazeti ya Nation. Wakati ulikuwa wake. Desemba 1991 Kenya ilikuwa imekifuta kifungu cha 2A cha katiba kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Wasomaji wetu walikuwa wamelelewa na Chakubanga wa gazeti la Uhuru na Juha Kalulu wa Taifa Leo, wahusika wazuri kabisa, lakini kicheko chao kilimwangukia mtu wa kawaida: mlevi, mpenda vya bure, mjanja wa mtaa. Rais wa nchi hakuchorwa. Vyama vingi viliporudi, wachoraji wa Kenya, akina Maddo na Gado, wakaanza kumchora Moi waziwazi, na rungu lake la mkononi likawa alama ambayo hata mtoto aliitambua.

Hapa ndipo kwenye ufundi, na nitakaa hapa kwa muda.

Katuni ya gazeti la kila siku ina saa chache. Asubuhi ni kusoma magazeti yote na kusikiliza redio. Kikao cha wahariri kikiisha, mchoraji anachora rasimu tatu hadi tano, ndogo kama kiberiti kila moja. Kwa nini ndogo? Kwa sababu wazo lisiloeleweka katika ukubwa wa kiberiti halitaokolewa na mapambo. Moja inachaguliwa, anaonyeshwa mhariri kabla ya wino. Mkiikosa hatua hiyo mtalia: mhariri akikataa saa moja usiku mchoro uliokamilika, hakuna muda wa mwingine, na nafasi itajazwa picha ya maktaba.

Sura ya mtu isichorwe kutoka picha moja. Kusanya kumi, za pembe mbalimbali, akicheka, akikasirika, akiwa amechoka. Anza na umbo la kichwa, kisha umbali wa macho, pua na mdomo mwisho. Kuza kitu kimoja au viwili tu. Ukikuza vyote hutapata mtu, utapata zimwi. Na chunga sana unachokuza. Ukikuza jambo ambalo msomaji analihusisha na kabila zima, umeacha kumchora waziri na umeanza kuwatukana watu wa kwao. Kwa nchi zetu kosa hilo haliishii kwenye ukurasa.

Maandishi ndani ya mchoro yasizidi vibandiko vitatu. Kibandiko cha nne ni dalili kwamba wazo halijaiva. Hati iwe nyeusi tupu, isiwe mchanganyiko wa rangi nne za uchapaji, kwa sababu sahani za mtambo zikihama hata nusu milimita herufi zitaonekana pacha na hazitasomeka. Wanaochora kwenye karatasi huchora mara mbili ya ukubwa wa kuchapwa. Mstari wa milimita 0.4 utatoka 0.2, na karatasi ya gazeti hunyonya wino ukatambaa. Kwa hiyo mistari ya kivuli iliyobanana huzibana ikawa doa jeusi. Achia nafasi. Skani mchoro wa mistari kwa nukta 600 kwa inchi, si 150 kama wengi wafanyavyo. Ukitia rangi, jumla ya wino wa rangi zote nne mahali pamoja isipite asilimia 240, la sivyo ukurasa utachafua ule unaoutazama.

Sasa alama. Gado aliwachora Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiburuta mnyororo wenye tufe la chuma mguuni, kwa ajili ya kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Mashtaka yalithibitishwa Januari 2012, wakachaguliwa Machi 2013, na mnyororo ukaingia nao Ikulu. Ni alama bora kuliko zote alizobuni, kwa maoni yangu, maana haikuhitaji neno hata moja. Lakini alama ina tarehe ya mwisho. Desemba 2014 mwendesha mashtaka aliondoa kesi ya Uhuru. Ile ya Ruto ilisitishwa Aprili 2016. Mchoraji anayeendelea kumfunga mtu mnyororo baada ya kesi kufa anadai jambo jipya, na akiulizwa mahakamani lazima awe na ushahidi wa dai hilo jipya.

Na katuni ya Kikwete nayo niiseme. Wazo la mfalme anayestarehe wakati nyumba inaungua lilikuwa la haki kabisa kwa wakati ule. Kilichonikera ni kuwatumia wanawake kuwa sura ya maovu ambayo yalitendwa kwa sehemu kubwa na wanaume wenye tai. Ni mazoea ya zamani ya sanaa ya Ulaya, na yaliwapa watetezi wa rais nafasi ya kuzungumzia adabu badala ya ufisadi. Mchoro ukimpa adui hoja ya pembeni, ataichukua hiyo.

Baada ya zuio, Gado alikwenda likizo ya mwaka mmoja, na mwanzoni mwa 2016 mkataba wake na Nation haukuhuishwa. Yeye ameeleza hadharani kwamba anaona shinikizo la kisiasa nyuma yake. Angalieni jinsi ilivyo vigumu kulithibitisha jambo la namna hii: hakuna hukumu wala amri yenye muhuri, kuna karatasi tu iliyofika tarehe yake ya mwisho. Mwezi Mei mwaka huohuo, Geneva, alipokea tuzo ya kimataifa ya katuni pamoja na Zunar wa Malaysia, mkononi mwa Kofi Annan. Baadaye akaanza kuchorea The Standard. Na tangu 2009 alikuwa na The XYZ Show, kipindi cha televisheni cha vikaragosi, hivyo hakuwa mtu wa gazeti moja. Hilo lilimwokoa.

Wengi wenu hamtakuwa na kipindi cha televisheni. Basi msome mkataba. Tazameni mambo manne: nani anamiliki haki ya mchoro baada ya kuchapwa, nani anakaa na nakala halisi, taarifa ya kuvunja mkataba ni ya siku ngapi, na nani analipa wakili mkishtakiwa pamoja na gazeti. Hilo la mwisho huachwa wazi mara nyingi, na mchoraji hulijua siku ya hati ya kuitwa shaurini.

Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la jinai la kashfa Februari 2017, lakini madai ya fidia yapo palepale. Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilichukua nafasi ya ile ya 1976 na kuleta leseni za magazeti. Maana yake kwa mchoraji ni kwamba ubavu wa gazeti bado uko wazi. Kwa hiyo kwa kila katuni wekeni jalada: rasimu, nakala ya habari iliyokuwa chanzo ikiwa na tarehe, jina la mhariri aliyepitisha na saa aliyopitisha. Jalada likae nyumbani, si ofisini, kwa sababu siku mkataba unapokwisha kadi ya mlangoni huzimwa asubuhi ileile.

Tuna nusu saa ya maswali.