Shingo Ndefu Isiyo na Sababu

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja hapa Mikocheni na foleni yote hii. Nimeombwa nizungumzie namna mchoraji wa sura za watu anavyopata mkono wake mwenyewe, na nitaanza na shingo.

Kwa miaka miwili nilichora watu wenye shingo ndefu. Nilikuwa nimetoka kwenye vibao vya vinyozi, Manzese na Magomeni: kichwa kilichonyolewa panki, masikio mawili, namba ya simu chini. Nilitaka kupanda daraja. Mtu akaniazima kitabu chenye picha za Amedeo Modigliani, mchoraji wa Italia, nikaziona zile shingo na yale macho membamba, mengi hayana hata mboni. Nikazichukua zilivyo. Muuza chipsi shingo ndefu, bibi harusi shingo ndefu, shehe shingo ndefu. Zikauzika. Siku moja mzee mmoja akapita bandani kwangu, akasimama mbele ya picha sita nilizozitundika, akazitazama moja moja, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hawa wote ni wa tumbo moja?"

Sikupata usingizi usiku ule. Mzee hakuwa amenitukana. Alikuwa ameona watu sita ambao hawajawahi kukutana, na mimi nimewafanya ndugu.

Nikarudi kwenye kile kitabu, safari hii nikasoma maneno. Modigliani alizaliwa Livorno, Italia, mwaka 1884, akafariki Paris Januari 1920 akiwa na miaka 35. Kabla ya picha zile zilizomjengea jina, alitumia miaka kadhaa akichonga vichwa vya mawe ya chokaa. Jiwe lenyewe limesimama kama nguzo, na kichwa kinachotoka humo kinatoka kirefu, pua ni mstari mmoja kutoka kwenye paji hadi mdomoni. Alivitazama sana vinyago vya Afrika pia. Akaacha kuchonga karibu na mwaka 1914, kifua chake kikiwa kibovu, akarudi kwenye brashi na mkono uliokwisha kuzoea jiwe. Shingo ile aliitolea jasho. Yangu ilitoka kwenye karatasi ya kung'aa.

Wala hatuna haja ya kwenda Paris. George Lilanga, Mmakonde aliyefanya kazi hapa Dar mpaka alipofariki mwaka 2005, alikuwa mchongaji kabla hajawa mchoraji. Tazameni picha zake za mashetani, yale masikio makubwa na matumbo yaliyotuna: huyo ni mtu aliyezoea kuushika mwili wa kitu kwa viganja viwili. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora karibu na mwaka 1968, akipaka rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Rangi ile ina mng'ao na haipendi kupapaswapapaswa. Unaweka eneo, unaliacha likauke, unarudi na mstari. Ndiyo maana wanyama wake wamesimama wazi namna ile. Alifariki mwaka 1972, yaani miaka michache tu ya kazi, na ndugu na wanafunzi wake wakaibeba mpaka leo. Mtu akisema mbele yangu kwamba hizo ni picha za watalii tu, huwa inaniuma kweli.

Sasa mimi nilifanya nini? Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza chapati Kinondoni, nikamwomba ruhusa. Akasema, "Kaa hapo, ila usinizibie wateja." Nikakaa karibu kila alfajiri kwa miezi mitatu, na kalamu ya wino na karatasi nilizokata kwenye mifuko ya saruji. Nilipiga marufuku simu. Picha ya simu inakupa sura moja ya sekunde moja, na mtu hakai sekunde moja.

Michoro kumi ya kwanza ilikuwa uso tu, uso wa mama yeyote. Karibu na wa ishirini nikagundua sijawahi kuchora macho yake, kwa sababu sijayaona. Anatazama kikaango. Anapokea hela akitazama kikaango, anarudisha chenji akitazama kikaango. Alichonionyesha miezi yote ile ni kope za juu, nzito, zimeshuka, zinang'aa kwa mvuke wa mafuta. Na kwa kuwa bado giza na moto uko chini, mwanga ulimpanda badala ya kumshukia: kidevu na chini ya pua vinawaka, paji limelala kivulini. Halafu shingo. Haikuwepo kabisa! Amejikunja juu ya jiko kwa miaka, mabega yamepanda, kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya kanga.

Nikachora hivyo. Kope nikazikuza zikawa kama bakuli mbili zilizofunikwa, shingo nikaifuta. Kijana wake akaja kuiona picha, akacheka, akasema: "Huyu ni mama anasubiri chapati iive upande wa pili." Hakusema "umempatia". Alitaja hata dakika.

Hapo ndipo nilipoelewa kinachoruhusiwa kukuzwa. Unakikuza kile ambacho maisha ya mtu yameshaanza kukivuta. Dereva wa daladala niliyemchora baada yake ana jicho moja lililo juu kuliko lingine, kwa sababu ya kioo. Fundi cherehani ana mdomo uliobana pini hata asipokuwa na pini. Watu sasa wananiambia, "Kazi zako tunazijua kwa kope." Nafurahi, lakini naogopa pia, maana kope zinaweza kunigeukia zikawa shingo nyingine. Kwa hiyo kila mtu mpya namchora kwanza bila kope kubwa, mara kumi, kumi na tano, mpaka uso wenyewe uzidai. Wengine hawazidai kamwe. Nawaacha na macho yao.

Kuhusu rangi nitasema moja tu: acheni nyeusi ya kopo. Kivuli cha shavu jeusi chini ya anga la Dar kina bluu ndani yake, na mtu akivaa kanga nyekundu, wekundu ule unampanda mpaka chini ya kidevu. Nyeusi ya kopo inazima vyote viwili.

Basi, mnakiona kile kistuli pale dirishani. Naomba mmoja wenu akakae, nusu saa. Dada wewe wa mstari wa pili, uliyekuwa ukiandika muda wote huu bila kuinua kichwa, njoo. Njoo na daftari lako, uendelee kuandika. Wengine ulizeni maswali, nitajibu huku nachora.